Mwizi wa Kitabu Kijacho

Barua ya Bi Gunila ilifika Mtwara siku ya Jumatano, Agosti 1974, na hata kabla adhuhuri haijaadhiniwa hapakuwa na mtu Magomeni asiyejua kwamba Esperanca, Mama Inasio, ameingizwa kitabuni Ulaya. Aliyetangaza ni yeye mwenyewe. Aliipasua bahasha palepale kwenye ngazi za posta, akasoma mistari mitatu ya mwanzo, akapiga kigelegele kilichomfanya karani atoe kichwa dirishani, kisha akashika njia. Sokoni alisimama kwa muuza dagaa, akasimama kwa muuza tumbaku, akasimama hata kwa yule mama wa mihogo ambaye walikuwa hawasemezani tangu Pasaka.

"Mimi! Kitabuni! Na wewe umo, usihofu, nimekutaja kwa wema."

Alipofika nyumbani ua ulikwisha kujaa. Ua ule kujaa ni kawaida yake: wanaosukwa nywele na Graca, wifi yake; wanaosubiri maji ya bomba; wanaopita tu kuulizia kuna nini, na siku zote kuna kitu. Mama yake mzazi, Bibi Amelia, alikuwa kwenye mkeka akichambua kunde. Esperanca akasimama katikati yao kama katibu wa tawi, akaisoma barua kwa sauti kuanzia salamu.

Bi Gunila alikuwa Mswidi. Miaka miwili nyuma alikaa Magomeni miezi sita akifundisha kisomo cha watu wazima, na jioni alikuwa anakuja na daftari lake kukaa na wanawake. Alisema anaandika kitabu cha maisha yao. Esperanca alimpenda mtu yule kwa sababu moja kubwa: alikuwa hachoki kusikiliza.

"'Yote uliyonieleza nimeyaweka,'" alisoma Esperanca, "'na majina ya kweli, maana nyote mliniruhusu. Nilipoandika ukurasa wa jirani yako Mohamedi Nakwenya, yule mwizi wa maghala, nili—'"

Sauti ikakatika.

"Nili nini?" Graca aliuliza, kitana hewani.

"'Nililia. Maskini mtu yule. Natumaini siku hizi amepata msaada.'"

Kwanza ua mzima ulicheka. Mohamedi! Mohamedi Nakwenya ni mtani wake Esperanca. Huyu Mmakonde, yule Mmakua, na tangu wajuane hawajawahi kusalimiana bila kutukanana. Mwanahawa wa nyumba ya tatu alicheka mpaka akaishikilia nguzo ya jiko. Kisha kimoja kimoja vicheko vikazimika, maana kila mtu alikuwa anafikia palepale Esperanca alipokwisha kufika.

Waswidi walikuwa wanajenga chuo cha ufundi nje ya mji, kwenye njia ya Mikindani. Walikuwa wanatafuta mtunza stoo: saruji, bati, misumari, vyote chini ya ufunguo wa mtu mmoja. Mohamedi aliomba. Mwaka uliopita alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika nyonga, na tangu hapo jembe halishiki, wavu hauvuti. Kazi ya kukaa kwenye kiti na daftari ndiyo peke yake iliyombakia, na jina lake lilikuwa limepita mchujo, wamebaki wawili. Usaili ulikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Na msimamizi wa chuo, Bwana Lenati, ni Mswidi, anasoma Kiswidi, na ni nani asiyenunua kitabu kinachosimulia mji anaoishi?

"Ulimwambia nini hasa yule mama?" aliuliza Graca taratibu.

"Nilimwambia kama tunavyosema siku zote. Kwamba Mmakua huyu hajaacha ghala salama toka Masasi mpaka Msimbati. Kwamba aliiba mpaka kanzu ya sheikh. Kwamba mlango ukimwona unajifunga wenyewe."

"Na yeye akaandika."

"Akaandika. Nikasema huyu mama ana bidii."

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Utani haukuwa mchezo wa midomo kwake. Mwaka sitini na tano walipovuka Ruvuma, yeye na mama yake na watoto wawili mgongoni, vita vikiwa nyuma yao, walifika upande huu hawana sauti. Bibi Amelia alikuwa hajatamka neno siku tisa. Watu waliwapokea vizuri, kwa huruma, kwa unga, na huruma ile ikawa inawazika polepole. Kisha likatokea jibaba la Kimakua, likawatazama, likauliza kwa sauti ya mnadani, "Hawa panya waliovaa kanga wametoka shimo gani?" Akamnyang'anya Bibi Amelia kuku wake mmoja aliyevuka naye mto, akaondoka naye kwapani. Na Bibi Amelia akafungua mdomo, akamtukana kwa Kimakonde kuanzia babu yake, akacheka, akalia, akacheka. Tangu siku ile wakawa na kwao. Huyo ndiye mtu ambaye Esperanca alikuwa karibu kumpoteza kwa ulimi wake.

"Kitabu kimeshatoka?" Mwanahawa aliuliza. "Maana kama hakijatoka, Bwana Lenati atakisomea wapi?"

Ndani ya bahasha mlikuwa na kijitabu chembamba, orodha ya vitabu vya wachapishaji wake Bi Gunila. Barua ilisema wakitazame ukurasa wa kumi na mbili. Walitazama. Jina la Gunila lilikuwepo, na neno Mtwara, zuri, limenyooka. Vitabu vingine vyote vya ukurasa ule vilikuwa na bei mwisho wa mstari. Hiki hakikuwa na bei. Mahali pa bei palikuwa na neno moja la herufi zilizolala: *kommande*.

"Komando," alisema Graca. "Hao si askari wa Kireno wale?"

Bibi Amelia aliacha kunde.

"Nyamaza na wewe, unamtia mama homa." Esperanca alimgeukia mumewe Raimundo, ambaye ndio kwanza anaingia kutoka bandarini. "Baba Inasio, wewe umesoma kwa mapadri. Hili nini?"

Raimundo alilitazama karibu, akalitazama mbali. "Kwa Kireno ingekaribia 'anakula'."

"Nani anakula?"

"Kitabu."

"Kinakula nini?"

"Sasa mimi ningejuaje? Naomba maji ya kunywa."

Mohamedi mwenyewe alikuwa amekwenda Msimbati kwa kaka yake, harudi mpaka Jumatatu. Watu wa uani wakaapa kwamba hatasikia kitu. Waliapa wote, watu kumi na mmoja, na Esperanca akiwatazama mmoja mmoja alijua kwamba habari itafika Msimbati kabla ya chakula cha jioni.

*

Alhamisi alikuwa kwa Sista Walburga, Mjerumani wa zahanati ya misheni, anajifanya ana mgongo. Sista alimpapasa mgongo, akamwambia mgongo ni mzima, shida yake ni nini? Esperanca akatoa kikaratasi alichonakili lile neno.

"Kiswidi sikijui," alisema Sista, "lakini ni ndugu wa lugha yetu. Hiki ni kivumishi. Maana yake ni inayokuja. Chenye kuja."

"Kinakuja? Kutoka huko kuja hapa?"

"Kinakuja tu, Mama Inasio. Kutoka wapi kwenda wapi, neno lenyewe halisemi."

Hapo ndipo alipokosa raha kabisa. Kinakuja! Basi kimo njiani. Alirudi akamwamuru Raimundo aangalie kila sanduku linaloshuka bandarini.

"Niangalie nini, mke wangu?"

"Vitabu."

"Meli iliyopo inapakia korosho. Haishushi kitu."

"Ile nyingine."

"Ile nyingine imeleta matrekta."

"Basi angalia ndani ya matrekta!"

Ijumaa alitoka nyumbani mara saba. Jumamosi alipita mbele ya posta akahesabu mifuko ya barua. Alikuwa anapika akiacha chungu, anaanza hadithi akiacha katikati, yeye ambaye hadithi ya nusu kwake ni ugonjwa. Jumapili kanisani padri alisoma habari za Bwana ajaye na Esperanca akashtuka kiasi cha kuangusha rozari. Graca alimfinya. "Wewe sasa utachukuliwa na upepo. Nenda ukamwulize mwenye lugha yake."

"Nikamwulize Lenati? Si nitakuwa nimempelekea kitabu mkononi?"

"Mwulize neno. Usimwulize kitabu."

Jumatatu asubuhi alivaa kanga ya sikukuu akaenda. Ili asishtukiwe aliandika kwenye daftari la kisomo maneno matano ya kutoka kwenye orodha ile, na lile lake akalificha la nne. Bwana Lenati alikuwa chini ya turubai kwenye kiwanja cha ujenzi, mrefu, mwekundu kwa jua, pua inabambuka. Esperanca alimweleza kwamba wanawake wa kisomo wamependa kujua kidogo lugha ya Bi Gunila.

Hajawahi kuona mtu akifurahi namna ile. Kumbe Lenati, kabla ya kugeukia ujenzi, alikuwa mwalimu wa lugha huko kwao. Alivuta kreti ya soda akamkalisha. La kwanza alilieleza, la pili akalieleza, la tatu likachukua nusu saa. Esperanca vidole vya miguu vilikuwa vinacheza vyenyewe ndani ya ndala.

"Na hili, *kommande*," alisema Lenati mwisho, "hili utalipenda. Vivumishi vyetu vingine vinabadilika kama vyenu. Ninyi mnasema mtu mzuri, kitabu kizuri, maneno mazuri. Na sisi tuna vya namna hiyo, jina moja linataka hivi, jingine linataka vile, wingi unataka vingine. Lakini hiki hakigeuki. Mmoja, wengi, kitu, mtu, ni *kommande* tu."

"Hakina ngeli."

"Hakina! Kwa sababu kimezaliwa na kitendo, kuja. Mwaka *kommande*: mwaka ujao, utake usitake. Mtu *kommande*: kijana anayeinuka, watu wanamtazamia makubwa." Alikuwa ameinua kidole. "Na kitabu *kommande*. Hapo ni lugha ya wachapishaji. Ni kitabu kilichoahidiwa. Hakijachapwa. Kikishafika dukani, neno hilo linaondolewa. Nina rafiki yangu, kitabu chake ni *kommande* mwaka wa sita sasa."

"Hakijachapwa?"

"Bado kiko mezani kwa mwandishi. Anaweza kufuta, anaweza kuongeza."

Esperanca aliona turubai limepanda juu, hewa imeingia. Bado kiko mezani! Ataandika barua, leo leo, Gunila atafuta, kwisha. Alisimama kuaga, na kwa furaha ile mdomo ukamponyoka, kama unavyomponyoka siku zote mambo yakimwendea vizuri.

"Basi cha Bi Gunila wetu bado sana!"

"Kile cha Mtwara?" alisema Lenati. "Ndiyo, bado. Lakini mimi nimekisoma. Alinitumia kwa posta karatasi za taipu nimsahihishie majina ya mahali." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nilitaka hata kukuita, Mama Inasio. Ukurasa wa arobaini. Huyo Mohamedi Nakwenya wa kitabuni ndiye huyu aliyeomba stoo?"

Esperanca akakaa tena kwenye kreti.

"Ndiye," alisema. "Lakini yale ni utani."

"Utani. Gunila ameutaja. Mchezo wa maneno."

"Si mchezo."

"Basi si mchezo. Ulisema uongo?"

"Sikusema uongo!"

"Kwa hiyo ni mwizi."

"Si mwizi! Mohamedi hajawahi kuchukua hata msumari wa mtu."

"Lakini wewe ulisema."

"Mimi lazima niseme, Bwana Lenati. Nisiposema mimi atasema nani? Mtu wa kando akimwita mwizi patachimbika. Mimi nikimwita mwizi, ndiyo dalili kwamba ninamwamini mpaka mwisho."

Lenati alivaa tena miwani akamtazama. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha anajitahidi kuvuka, na daraja halioni. "Nina mifuko elfu ya saruji ya wafadhili," alisema. "Nitafikiri."

*

Mohamedi alirudi kutoka Msimbati jioni ile akiwa anajua kila kitu, tena na nyongeza. Jumanne asubuhi alitokea uani kwa fimbo yake, anachechemea. Esperanca aliacha ufagio. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, yamepangwa vizuri; hakupata nafasi hata ya moja.

"Iko wapi ile panya iliyonipeleka Ulaya?"

Na akaangua kicheko. Alicheka mpaka ikabidi ashikwe. "Wazungu wanajua! Mimi, Nakwenya! Nyumba ngapi huko watu wanafunga milango sasa hivi wananiogopa mimi? Mama Inasio, hujawahi kunifanyia jambo kubwa kama hili. Kanzu ya sheikh umeitia?"

"Nimeitia," alisema Esperanca, machozi yakimlengalenga.

"Safi. Sasa faini yangu." Na kabla hajajibiwa alikwisha kumkwapua yule jogoo mwekundu, jogoo wa Raimundo, aliyekuwa anachakura karibu na kinu. Akatoka naye barabarani, mguu mmoja unavuta vumbi, jogoo anapiga kelele, yeye anapiga kelele zaidi.

Haki yake. Mtani akikosewa anachukua, na mwenye mali hana la kufanya ila kupiga yowe. Esperanca, mzigo wa siku sita umemtoka mabegani kwa mara moja, alipiga yowe la maisha yake.

"Mwizi! Jamani mwizi! Mmakua kaniibia! Mkamateni!"

Mtaa mzima ulitoka. Mwanahawa alimtupia Mohamedi ganda la nazi. Wanaume wa barazani waliinuka wakimshangilia mwizi badala ya kumkimbiza. Na katikati ya vumbi lile, ikitoka upande wa soko, ikaja taratibu Landrova nyeupe, ikasimama. Bwana Lenati alikuwa nyuma ya usukani. Alimwona Mohamedi na jogoo. Alimwona Esperanca, mikono kichwani, mdomo wazi kwenye neno lilelile. Hakushuka. Aligeuza gari akaondoka.

*

Jumatano aliwaita wote wawili. Aliwakalisha chini ya turubai, mbele yao karatasi nyeupe na kalamu, na katibu wa chuo, kijana Gaudensi wa Newala, akikaa kama shahidi.

"Sitaki kumwonea mtu," alisema Lenati. "Gaudensi ameniambia kwamba mambo haya yapo, na mimi namwamini. Lakini wafadhili watasoma kile kitabu kikitoka, na watauliza nani anashika funguo. Mama Inasio, andika hapa kwamba Mohamedi Nakwenya si mwizi, kwamba yote uliyosema si kweli, tia saini. Nitaiweka kwenye faili lake, nakala nitampelekea Gunila afute ule ukurasa. Yakiisha hayo, Ijumaa ninampa funguo. Usaili hauna haja tena, mwenzake amejitoa."

Esperanca alishika kalamu. Ilikuwa rahisi mno! Alitazama pembeni kumpa Mohamedi jicho la ushindi, akakuta uso ambao hajawahi kuuona. Kicheko cha jana hakikuwepo hata kwa mbali.

"Usisaini," alisema Mohamedi.

"Nini?"

"Usisaini, mtani." Alisema kwa sauti ndogo, akitazama fimbo yake. "Mtu anaandikiwa cheti na mtu baki. Karani ananiandikia. Jumbe ananiandikia. Wewe ukiniandikia kwamba si mwizi, basi siku zote ulikuwa unafikiri huenda ni mwizi, sasa umepata uhakika. Hapo mimi na wewe tunakuwa majirani tu."

"Ni karatasi, Mohamedi. Tutaicheka kesho."

"Itakuwa kwenye faili. Ya faili hayachekwi."

Gaudensi alikohoa. "Mzee wangu, kazi zenyewe zimekuwa za shida. Watoto sita."

"Sikukuuliza idadi ya watoto wangu."

"Na Mwanaisha," alisema Esperanca. Mwanaisha ni mke wa Mohamedi. Mwaka ule mzima alikuwa anabangua korosho kwa watu mpaka vidole vimeungua na mafuta ya maganda, anavificha ndani ya kanga visionekane. "Mwanaisha jana alinifuata bombani. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, 'Wifi, huo utani wenu tutaukaanga au tutauchemsha?'"

Mohamedi aliizungusha fimbo mkononi.

Esperanca alisubiri amkatalie tena. Angemkatalia mara ya tatu, angeweka kalamu chini. Alijiambia hivyo, na baadaye alijiambia tena mara nyingi. Lakini Mohamedi aliendelea kutazama fimbo yake, na yeye Esperanca hakuwahi kuweza kuvumilia kimya cha mtu. Aliandika. Mwandiko wa kisomo, herufi kubwa kubwa zilizosimama kama watoto wa gwaride: Mohamedi Nakwenya si mwizi. Yote niliyosema si kweli. Akatia jina lake lote.

Mohamedi alisimama. "Asante, Mama Inasio," alisema, kwa adabu kamili, akatangulia kutoka.

*

Ijumaa alipewa funguo. Jumatatu alianza kazi, na kila asubuhi alipita mbele ya ua wa Esperanca amevaa koti la kaki lililopigwa pasi. "Habari za asubuhi, mama. Watoto hawajambo?" Esperanca alijaribu kila kitu. Alimwita fisi. Alimwuliza kama saruji inalika. Jumatano alimtukana mpaka marehemu babu yake, na watu barazani wakaguna kwa raha, wakingoja jibu. Mohamedi alitabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri zamu yake benki, akapita. Jogoo alimrudisha siku hiyohiyo jioni, kwa mkono wa binti yake, mzima, amefungwa miguu kwa kamba mpya. Raimundo alifurahi. Bibi Amelia alimtazama yule jogoo kwenye kamba yake, akaingia ndani, na usiku ule hakula.

Baada ya wiki tano barua kutoka kwa Bi Gunila nayo ikaja: amefuta ukurasa wa arobaini, anashukuru sana, ni vizuri kupata ukweli kabla kitabu hakijatoka. Esperanca hakuisomea watu. Aliikunja mara nne.

Jumapili baada ya misa ua ulijaa kama kawaida. Graca anasuka, Mwanahawa analeta habari za nyumba ya saba, habari nzuri, yenye mume na ngazi na mlango wa nyuma. Ilipofika kwenye ngazi Esperanca akasimama.

"Unakwenda wapi? Sijamaliza!"

"Nakuja."

Alipita nyumba nne, tano, kanga inateleza, hakuikaza. Nyumbani kwa Mohamedi kulikuwa kimya cha baada ya chakula. Mwanaisha alikuwa barazani amekunjua vidole juani, vilianza kupona. Kwenye kamba ya nguo, limefuliwa kwa ajili ya kesho, lilikuwa linaning'inia lile koti la kaki, na mfuko wake umedariziwa alama ya chuo kwa uzi wa bluu.

"Wifi, karibu," alisema Mwanaisha, kisha akaona anakotazama. "Wifi. Hilo hapana. Hilo ni la kazi."

Esperanca alilikwapua, vibanio vikaruka. Lilikuwa bado bichi. Alilikumbatia kifuani, maji yakamwingia mpaka kwenye ngozi, akasimama palepale katikati ya ua, akihakikisha anaonekana.

"Mohamedi Nakwenya!" alipaza sauti. "Toka uone unavyoibiwa! Mlinzi gani wewe, unalinda saruji za wazungu, koti lako mwenyewe hujui liko wapi?"

Mlango ulifunguka. Mohamedi alikuwa na fulana na msuli, usingizi usoni, fimbo hana. Alimtazama yeye, akalitazama koti, akaitazama kamba tupu.

"Rudisha, Mama Inasio."

Sauti ilikuwa tambarare. Esperanca alirudi nyuma hatua moja, mbili, kisha akageuka akatimka. Barabarani watu walishaanza kutoka, maana yowe la Esperanca wanalijua. "Kaiba!" alisema mtu. "Safari hii kaiba yeye!" Vicheko vikapokezana nyumba hadi nyumba, Mwanahawa mbele yao, kanga begani, na kila mmoja alikwisha kuamua kwamba mambo yamerudi kama zamani.

Yeye hakuwa na uhakika. Alikuwa anakimbia huku masikio yako nyuma. Mlango ulibamiza. Hatua zikaingia barabarani, moja nzito, moja ya kuburura, hazina fimbo, zinakuja upesi kuliko alivyodhani nyonga ile inaweza.

"Mwizi!" alipiga kelele Mohamedi.

Esperanca aliongeza mwendo, koti linamlowanisha, akisubiri aseme jingine, hata tusi moja tu.